Mafuta Yaliyolala

Jumanne, 2 Mei

Kwako mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulisema ule ubaridi wa maabara unakukohoza, nikakutumia maji ya waridi utie kwenye maji ya moto uvute mvuke. Najua hukuvuta. Vuta.

Sisi huku tuzima. Baba yako mguu unamsumbua, lakini bado anaamka kabla yangu kwenda kumwashia moto mke mwenzangu. Bi Shaba naye hajambo. Fundi alimziba tundu la kiunoni na sasa hapotezi hata mvuke kidogo. Miaka thelathini hilo sufuria la bibi yako limeninyang'anya mume kila msimu wa maua, nami nimenyamaza kwa sababu linanipikia mafuta.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Jana gari la kiwanda lilikuja kuchukua chupa za wiki. Dereva hakushuka hata kusalimu, alinipa bahasha dirishani akaondoka. Ndani kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha kupimia: sampuli namba 41, mafuta ya waridi, yameganda, yamechanganywa na nta. Nta! Mimi! Nyumba hii hata mshumaa hatuna.

Ya pili ni karatasi ya kukiri. Wameshaniandikia maneno yote, "Mimi mpishi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba niliongeza kitu kwenye mafuta," kilichobaki ni saini yangu tu. Nikisaini, wataendelea kupokea maua yangu, lakini Bi Shaba afungwe, nisipike tena maisha yangu yote. Nisiposaini mpaka mwisho wa mwezi, hawapokei mafuta wala maua, na si yangu peke yangu, hata ya wale wanawake tisa wanaochuma na kuniletea. Tena jina langu litabandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kupokelea maua, kila apitaye asome.

Unajua desturi yangu, kila mpiko naugawa chupa mbili, moja inakwenda na moja inabaki. Pacha wa 41 ninaye hapa dirishani, tunatazamana.

Wewe uko humohumo ndani. Nisaidie jambo moja tu: niulizie ni nani aliyepima namba 41, na alipimaje. Nataka nimjue.

Baba yako anakusalimu. Amesema usisahau soksi.

Ni mimi mama yako.


Jumanne, 9 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, mwambie soksi ninazo mbili mbili. Kifua kinaendelea vizuri. Natumaini mguu wake umepata nafuu na mikono yako haijaliwa sana na miiba mwaka huu.

Barua yako nimeipata na nimesikitika. Nimeulizia kama ulivyonituma. Wanasema aliyepima ni mpimaji wa kawaida tu, alifuata karatasi ya maelekezo kama ilivyo. Sampuli zikifika zinalazwa kwenye rafu ya baridi. Asubuhi zinatolewa, zinalinganishwa na chupa ya kiwanda inayokaa mezani kwa msimamizi, ile tunayoiita kielelezo. Inayofanana inapita, isiyofanana inaandikwa. Chupa hazina majina, ni namba tu, kwa hiyo hakuna chuki ya mtu hapo. Baadaye kuna mashine nayo inasoma, na mashine haidanganyi, Mama.

Hujawahi kuona mafuta yako yanakokwenda. Ghorofa ya pili kuna mapipa ya krimu ya uso meupe kama maziwa, na pipa zima linatiwa vijitone vichache, basi chumba chote kinabadilika. Wengine wanayachukua kwa marashi, wengine kwa sabuni za watu wenye ngozi nyepesi ya kuwasha. Nikipita pale nakukumbuka.

Mama, saini tu. Ni wino. Umri umekwenda, Baba mguu ndio huo, kuchuma peke yake kunatosha. Msimamizi wetu, tunamwita Koti Refu kwa sababu koti lake jeupe linafagia sakafu, amesema wanaokiri mapema hawabandikwi mlangoni. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, sauti yangu huku haifiki popote.

Usikasirike.

Ni mimi mwanao.


Jumapili, 14 Mei

Kwako mpimaji,

Salamu nilitaka kuziacha, lakini adabu ni adabu: hujambo? Baba yako hajambo. Mimi sijambo, nina hasira tu.

Mashine haidanganyi? Sawa. Mashine haina mama, haina nyumba ya kurudi, haioni haya. Mtu anazo hizo zote.

Ngoja nikueleze kazi hii kama vile hukuzaliwa humu ndani. Tunachuma kabla jua halijachomoza mpaka umande unapokauka, basi. Jua likipanda, mafuta yanaondoka na hewa, unabaki na maua ya kupambia. Tunachuma yaliyofunguka nusu. Haturundiki kwenye gunia, yatapata joto na kuchacha kama uji uliosahauliwa. Yanaingia kwa Bi Shaba siku ileile pamoja na maji, kifuniko kinazibwa kwa unga uliokandwa, halafu baba yako anashika moto, mdogo mdogo, maana moto mkali unaunguza harufu. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye pipa la maji baridi, upande wa pili yanadondoka maji. Mvivu anaishia hapo. Mimi yale maji nayarudisha jikoni yapikwe tena, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta imejificha humo. Mpiko wa pili ndio unaoyatoa. Yanaelea juu ya chupa ya shingo ndefu, utando wa kijani kuelekea manjano, nayachota kwa kile kijiko chenye tundu dogo chini, maji yashuke, mafuta yabaki. Mabeseni arobaini ya maua, na chupa yenyewe inafichika kwenye kiganja. Sasa mtu aliyesota hivyo atie nta ya nini? Kuongeza nini?

Mafuta ya waridi yakipata baridi yanalala. Yanaota vijisindano vinavyong'aa, kisha yanatulia yote. Ulikuwa na miaka sita ulipolia hapa dirishani ukidhani umeyaharibu. Nikakuwekea chupa kiganjani nikakwambia, ishike, usiitikise. Ukaishika mpaka yakaamka, ukakimbia kumwonyesha baba yako. Hiyo nta ni yake mwenyewe, waridi limeumbwa nayo. Mafuta ya kutilia shaka ni yale yasiyolala.

Na chupa yenu inakaa wapi? Mezani, kwenye joto. Yangu mmeilaza kwenye baridi, halafu mnashangaa imesinzia. Ebo!

Sasa tuje kwenye saini. Chini ya kile cheti kuna saini yenye mkia unaorudi nyuma na kujikunja kama ndoana. Mkia huo nilikufundisha mimi, mezani kwetu, kwa penseli ya baba yako, ukautia kwenye kila kitu mpaka kwenye ukuta wa choo. Nilikujua tangu siku ya bahasha. Nikakuandikia kwa upole, nikakuuliza nani aliyepima, nikakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Ukanijibu "mpimaji wa kawaida." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, ila sikujua kwamba nguo yenyewe niliishona mimi. Imeniuma, mwanangu. Imeniuma kuliko kuitwa mwongo na watu wa koti.

Sisaini. Waambie, au usiwaambie, shauri yako. Wakibandika jina langu nitakwenda kukaa chini yake watu wanione vizuri.

Fanya jambo moja. Ichukue hiyo chupa ya kiwanda uilaze na yangu kitanda kimoja, kwenye barafu. Uone nani atalala na nani atakodoa macho. Usiniandikie mpaka umefanya.

Mama yako.


Alhamisi, 1 Juni

Kwako binti yangu,

U mzima? Leo siku ya kumi na nane sijaona barua. Baba yako ananiuliza kila asubuhi kama watu wa posta wamegoma. Namwambia wamegoma.

Wamebandika jana. Leo nilivaa gauni langu la bluu, nikachukua kigoda, nikaenda kukaa chini ya ile karatasi tangu mlango ulipofunguliwa. Watu wanakuja na mabeseni, wanaona jina, wananiona mimi, wanashindwa waangalie wapi. Mkunga alipopita akaniuliza, "Unangoja nini hapo?" Nikamwambia namngoja atakayeisoma kwa sauti huku ananitazama. Mpaka wanafunga hakuna aliyesoma. Karani alinisogezea kigoda kwenye kivuli, basi nikakaa kwenye kivuli.

Kati ya wale tisa, wawili wameondoka. Mmoja alilia wakati anachukua beseni lake. Sikuwalaumu, wana watoto wa kulisha, na kiwanda kimeapa hakitagusa ua lililopita mikononi mwangu. Saba wamebaki. Wanasema watapata wapi tena mtu wa kuwatukana kila alfajiri bila malipo.

Tunapika vilevile. Ua halijui habari za karatasi, likifunguka limefunguka. Mkunga amechukua chupa kumi za maji ya waridi ya kuwapangusia wazazi uso, na sisi tunaoshea michubuko ya miiba. Mafuta yenyewe nayapanga jikoni.

Kimya chako nimekisoma. Nilichosoma sikipendi. Lakini kama unaumwa, sema unaumwa, hilo ni jingine.

Mama yako.


Alhamisi, 8 Juni

Mama,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo, na mwambie posta hawakugoma, ni mimi. Siumwi.

Nilipima mimi. Neno hilo naliandika kwanza kabla mkono haujaogopa. Na lile neno la "ni namba tu" ni uongo. Nilipong'oa kizibo cha 41 nilinusa jikoni kwetu, pale karibu na bomba. Nilijua. Mkono wangu uliinuka wenyewe ukaifumbata ile chupa. Koti Refu alikuwa mlangoni, akaniuliza ninafanya nini, nikaiweka chini nikaandika nta. Zilibaki wiki tatu nithibitishwe kazini. Sina sababu nyingine ya kukupa, na ninaona aibu mpaka nashindwa kula.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni mwa koti. Mwanzoni nilikasirika, nikasema huyu mama hana huruma. Halafu nikafanya ulichoniambia. Koti Refu alipokwenda kula nilichukua chupa ya mezani kwake, nikailaza pamoja na mabaki ya 41 kwenye bakuli la barafu. Ya kwako ililala kabla sijamaliza kupangusa meza. Ya kiwanda ikakaa macho. Nikaongeza barafu. Macho! Kesho yake hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo. Mama, kama kuna waridi mle ndani, lilipita kusalimu tu. Ni mafuta ya majani fulani yenye harufu ya kukaribiana, rahisi kupatikana, na ndiyo tuliyokuwa tukipimia watu, hata mashine imewekwa kufuata hayohayo.

Nilimwambia Koti Refu. Hakushtuka. Alisema, "Hilo nalijua tangu hujaajiriwa. Wiki ijayo nakuthibitisha, nakufanya mkuu wa rafu. Mwaga hiyo barafu." Nikamwaga, Mama. Sikufichi tena kitu: nilimwaga, nikaosha na bakuli. Ndiyo maana sikuandika, ningeandika nini?

Kisha ikaja barua yako ya kigoda. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikakuona na lile gauni la bluu, umekaa chini ya karatasi iliyozaliwa na maandishi yangu. Nikasema liwalo na liwe.

Juzi Jumanne walikuja wanunuzi, watano, na mmoja ni mama mtu mzima anayetengeneza marashi. Kazi yangu ilikuwa kubeba sinia lenye chupa ya kiwanda. Nikabeba sinia, na juu yake nikaweka bakuli la barafu na mabaki ya 41. Koti Refu akanikata jicho. Nikaweka zote mbili kwenye barafu nikasema, "Hii ni ya kiwanda. Hii ni ya mama yangu, ambaye mimi mwenyewe niliandika kwamba ametia nta. Naomba mngoje kidogo." Koti Refu alisema tuendelee ghorofani. Yule mama akasema, "Amesema tungoje."

Wakaona wenyewe. Yule mama akaichukua ya kwako imeshaganda, akaifumbata kiganjani, hakuitikisa. Hapo nikajua anajua. Ilipoamka akaniuliza, "Mama yako anayarudisha maji jikoni?" Nikamwambia anayarudisha, na mvivu anaishia mpiko wa kwanza. Akacheka. Aliitia chupa kwenye mkoba wake akaondoka bila kumuaga mtu.

Wamenichukua kadi ya mlangoni na koti. Nimewaachia. Lakini kabla hawajafika kwenye kalamu niliandika cheti kipya, kimo humu ndani. Hakina muhuri wa kiwanda. Kina saini.

Mama, nisamehe. Sijui kama bado nina pa kurudi. Ukisema nisije, sitakuja. Cheti sikifuti.

Ni mimi mwanao, niliyepima.


Jumanne, 13 Juni

Kwako mwanangu,

Hujambo? Umekula? Baba yako ameniamuru nianze na hilo. Yeye hajambo, mguu umepona siku ileile barua yako ilipofika, sijui ni mguu wa namna gani.

Cheti nimekipata. Nilikipeleka ukumbini na misumari minne na nyundo ya baba yako, nikakipigilia pembeni ya karatasi yao. Wale saba walikuwepo, na wale wawili pia, wamesimama nyuma nyuma. Nikamwomba mkunga asome, maana sauti yangu ilinikimbia, nawe unajua haijawahi. Akasoma: "Sampuli namba 41. Ililala kwenye barafu. Iliamka kiganjani. Hakuna kilichoongezwa. Niliandika nta nikijua si kweli. Mpimaji ni mimi, binti wa mpishi." Alipomaliza, karani akabandua karatasi ya kiwanda kwa kucha zake, akasema gundi ilikuwa mbaya.

Juzi Koti Refu alikuja mwenyewe. Kweli linafagia. Inaonekana yule mama wa marashi amewaandikia kwamba hapokei hata tone mpaka aelezwe. Basi kaja na karatasi nyingine, laini kuliko ile ya kwanza, eti nisaini kwamba palitokea "hitilafu katika kuhifadhi," yaishe, na kile cheti kitolewe. Nikamwambia hitilafu ninayo moja tu, nimeizaa mwenyewe, na nitaishughulikia mwenyewe. Akamgeukia baba yako, akidhani kwa wanaume atapata unafuu. Baba yako, ambaye hajawahi kumaliza sentensi mbele ya mgeni, akamwambia, "Cheti kina saini ya mwanangu. Kamwombe yeye akitoe." Kisha akachukua karatasi zao zote mbili, ya kukiri na ya hitilafu, akaenda kumwashia moto Bi Shaba. Tangu tuoane sijampenda mtu huyu kama siku ile.

Sasa nikwambie ukweli, maana wewe umeniambia. Sijakusamehe. Najaribu, nafika katikati, nakumbuka "mpimaji wa kawaida," narudi mwanzo. Kiwanda hakijachukua hata chupa moja, na rafu ya jikoni imejaa mpaka mkate unanukia marashi. Msimu ujao sijui tutapeleka wapi. Huenda yule mama ataandika, huenda hataandika. Nitapika tu. Wakitaka kunizuia waje wamkalie Bi Shaba juu ya kifuniko.

Lakini mtoto haulizi kama ana pa kurudi. Ulitoa wapi swali hilo? Maua yameisha, imebaki safu moja tu kule chini kwenye kivuli, ile inayochelewa kila mwaka. Nimewakataza wote kuigusa. Inatosha mabeseni machache, mpiko mmoja mdogo. Ijumaa yatakuwa yamefunguka nusu. Uwe hapa kabla ya jua, na usije na soksi mbili mbili, kuna umande.

Pacha wa 41 bado yuko dirishani. Asubuhi za siku hizi zina baridi, amelala fofofo. Baba yako alitaka kumwamsha nikampiga mkono. Sitamshika mimi, na hatamshika mtu mwingine. Atalala hapohapo mpaka mkono uliomwandika nta uje umfumbate.

Ni mimi mama yako, mpishi wa waridi.